Mkanju wa Kupumzikia

Katika ukoo wetu watu huanza kufa miguuni. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu nikiwa mdogo, na mimi nikawaambia wengine. Babu alianza kwa magoti. Baba alianza kwa vifundo vya miguu na vidole vya mikono, akawa anashuka kitandani asubuhi kwa uangalifu kama anayeshuka mnazini, halafu siku moja akaanguka njiani akienda shamba na hakuinuka tena. Waliomwosha walisema magoti yake yalikuwa yamevimba. Basi likawa ndilo jibu letu kila tulipoulizwa: miguu ndiyo iliyomuua.

Dada yake baba, shangazi yangu, ndiye aliyenilea hapa Kinondo. Alikuwa mpishi wa harusi, na sifa yake kubwa ilikuwa bokoboko, ile ngano inayochemshwa na nyama mpaka vyote viwili visahauliane, kisha ikamwagiwa samli juu. Bokoboko halitaki kukorogwa tu, linataka kupigwa. Mpishi husimama juu ya sufuria na mwiko mrefu kama kasia, apige mpaka nyama iwe nyuzi na nyuzi ziwe uji. Shangazi alipiga bokoboko miaka arubaini. Vidole vyake vilipoanza kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, hakuna aliyeshangaa. Tulisema mwiko umevipinda, na baridi imeingia ndani.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Sikuwa mjinga, ila nilikuwa siwezi kukaa. Nimepakia ng'ombe kwenye malori Samburu, nimeswaga mbuzi mnadani Kinango mpaka koo likakauka na maji hayapo, nimechoma chokaa karibu na Msambweni, nimeosha masufuria kwenye hoteli za Diani. Kila nilipokwenda niliuliza maswali mpaka nikachosha watu. Nasoma chochote kilichoandikwa: karatasi za ndani ya paketi za dawa, magunia ya mbolea, magazeti yaliyofungiwa muhogo. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, naondoka.

Miaka mitatu iliyopita binamu yangu, binti yake shangazi, alinipigia simu.

"Kaka, mama hatoki tena uani. Na wewe uko huko na mbuzi."

Nikarudi. Nilimkuta shangazi amekaa kwenye mkeka chini ya baraza, magoti yamefungwa leso mbili, moja kila upande.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Mbuzi wamekula chakula chako?"

Kwetu ugonjwa ule huitwa baridi yabisi, na jina lenyewe linakwambia dawa: mwenye baridi atiwe moto. Nilifundishwa vyakula vya moto na vya baridi kabla sijafundishwa kusoma. Samli ni moto. Nyama ya mbuzi, tangawizi, pilipili manga, asali, tende, pweza, vyote moto. Machungwa ni baridi. Madafu, mchicha, bamia, tikiti, maziwa ya mgando, vyote baridi. Kwa miaka sijui mingapi shangazi alikuwa hajatia chungwa mdomoni, na mchungwa uko uani kwake. Matunda yalianguka yakaozea chini, naye akiyatazama kama mtu anayemtazama mgomvi wake akipita.

Nikajiona nimepata kazi ya maana. Kila siku ya mnada nilikwenda Kinango nikarudi na kwato na mifupa. Tuliichemsha kutwa nzima na tangawizi na pilipili manga na chumvi ya kutosha, mpaka mafuta yakatanda juu kama kioo. Shangazi alikunywa bakuli asubuhi na bakuli jioni. Akitoka jasho tulifurahi. Tulisema baridi inatoka.

Jambo la pili ambalo kila mtu kwetu analijua ni kwamba maungo yakikaa yanashikana. Kwa hiyo nilimtembeza. Kila asubuhi tulifuata kijia cha nyuma ya nyumba, kinachopanda kidogo kuelekea shambani. Katikati ya kijia hicho kuna mkanju wa zamani, mti wa korosho, shina lake limelala upande likawa kama kiti. Shangazi alikuwa hawezi kuupita bila kusimama. Aliweka mkono mmoja kwenye shina, akainamisha kichwa.

"Magoti haya," alisema. "Magoti haya yataniua."

"Shangazi, hata kobe angekuwa ameshafika."

"Kobe hajapika harusi za Kinondo nzima. Niache nipumzike."

Nilimwacha dakika mbili, kisha nikamvuta mkono. Nilikuwa mkali, na niliuona ukali ule kuwa ni mapenzi. Sasa nikikumbuka, naona kitu ambacho macho yangu yalikiona kila siku na mimi sikukitazama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye shina. Mkono wa pili haukuwa kwenye goti. Ulikuwa kifuani, umeshika leso, kama anayeizuia isianguke. Mtu anayeumwa na goti hulishika goti lake.

Binamu yangu ndiye aliyechoka na supu. Alimpeleka kwenye zahanati Ukunda, wakampima damu, wakampa vidonge vya kunywa kwa miezi na karatasi ya kurudi kila baada ya muda. Mimi nilizisoma karatasi zote za ndani ya paketi na sikuelewa hata nusu. Supu hatukuacha. Tulisema vidonge visaidie supu.

Mwezi wa tatu wa vidonge uvimbe ulianza kupungua. Mwezi wa tano shangazi alifungua zile leso za magoti, akazikung'uta, akazifua, akazianika. Siku moja nilimkuta anafunga ngumi na kuifungua, anafunga na kufungua, peke yake, anacheka. Akasimama mwenyewe bila kushika ukuta. Majirani walikuja kumtazama kama aliyerudi hija.

"Haya," alisema, "yule mjukuu wangu anayeolewa, bokoboko lake nitalipiga mimi. Wasiniletee mpishi wa kukodi anayepiga ngano kama anabembeleza mtoto."

Hakuna aliyemkataza. Mimi ndiye niliyemchongea mwiko mpya.

Siku ya harusi meko yalikuwa nyuma ya nyumba, mafiga matatu makubwa. Alianza saa mbili asubuhi. Wanawake walimwimbia, naye akapiga, na mwiko ukawa unakwenda na wimbo. Nilikuwa nimesimama hatua chache, nimebeba kuni, nikimtazama kwa fahari. Magoti yake yalikuwa imara kabisa. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu niliyatazama magoti. Uso sikuutazama. Wimbo ulipofika mahali pa kuitikia, mwiko ulikuwa umesimama katikati ya sufuria peke yake, na shangazi yuko chini kwenye majivu.

Wakasema ni jicho, amepona mbele za watu wengi. Mwengine akasema baridi imeona inafukuzwa miguuni ikapanda kichwani. Wakamnusisha karafuu, wakamlambisha asali. Akafumbua macho. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu, na si jivu la mekoni.

"Lisishike chini," alisema.

"Nini, shangazi?"

"Bokoboko, we mjinga. Geuzeni."

Watu walicheka, wakapumua. Mimi pia nilicheka. Lakini nilikuwa nimemshika kwapani kumwinua, na chini ya mkono wangu nilisikia moyo wake. Haukuwa ukidunda. Ulikuwa ukikwaruza, kama ndoo inayoburutwa kisimani.

Hospitali ya kwanza ilimsikiliza kifua ikatutuma Mombasa kwa daktari wa moyo. Tukavuka feri. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, ana haraka.

"Shosho, vuta pumzi. Toa. Vuta tena."

"Shosho ni nani? Shosho wako yuko kwenu. Mimi ni bibi."

"Pole, bibi. Vuta pumzi."

"Sasa ndiyo navuta."

Alimsikiliza muda mrefu, sehemu moja, juu, upande wa kulia wa mfupa wa kifua. Kisha akampaka mafuta na kumpitishia kidude kama kipande cha sabuni, na moyo wa shangazi ukaonekana kwenye kioo. Mimi sijawahi kuona kitu kama kile. Daktari alinionyesha mlango mdogo ambao damu inapita kutoka moyoni kwenda mwilini. Akasema mlango wenye afya una mbawa laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa, zinafunguka na kufunga. Za shangazi zilikuwa nene, nyeupe, zinang'aa, na zilikuwa karibu hazitikisiki. Damu ilikuwa inajipenyeza kwenye ufa.

"Madini ya chokaa yamejijenga pale," alisema. "Mlango umekuwa mgumu."

Nilichoma chokaa miezi minane maishani mwangu. Najua inavyokuwa. Unapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, unachoma, mawe yanageuka unga, na unga ule ukipata maji na ukaachwa unarudi kuwa jiwe. Niliposikia neno lile nilijiona nimerudi tanurini.

"Ni mifupa?" niliuliza. "Daktari, mimi nimemnywesha supu ya mifupa karibu miaka miwili. Asubuhi na jioni."

"Chokaa ya kwenye bakuli haiendi moja kwa moja kukaa moyoni. Haifanyi kazi hivyo."

"Basi samli? Chumvi? Zile nyama?"

Aliweka kile kidude chini. "Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nimekudanganya. Nikikwambia hapana, pia. Umri una sehemu yake. Mafuta mengi na chumvi nyingi hayajawahi kumsaidia mtu mwenye moyo mbovu. Na huu ugonjwa wa maungo alionao, aina hii, wataalamu wanadhani nao una mkono wake. Wanadhani. Bado wanachunguza."

"Baridi inafikaje moyoni?"

"Baridi gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, nashukuru kwa hilo.

"Mzee, huu si baridi," alisema. "Ni moto. Mwili wake unajichoma wenyewe, polepole, miaka mingi. Kwenye maungo mnauona kwa sababu yanavimba. Kwingine hamuuoni."

Sikuuliza swali jingine. Ni mara ya kwanza ninayoikumbuka. Miaka yote tulikuwa tumekaa kuzunguka tanuri, tunatia kuni, tunashukuru jasho.

Alisema na jambo jengine, kama mtu anayefunga faili. Kwamba wagonjwa kama shangazi huchelewa kujulikana kwa sababu hawatembei. Magoti yanawazuia, kwa hiyo moyo haupati kazi ya kuilalamikia. Magoti yakipona ndipo moyo unapoonekana. Njia ilikuwa moja, kuubadilisha mlango ule. Wana njia za kufanya hivyo, hata kwa mtu wa umri wake. Wasipofanya, muda si mrefu. Alitumia maneno hayo, "muda si mrefu", na hakuyatilia hesabu.

Shangazi alijifunga leso. "Moyo si sufuria kubadilishwa mfuniko," alisema. "Twendeni nyumbani."

Tulirudi, na nyumba ikawa na vita ya chinichini. Binamu yangu alilia, akabembeleza, akamtumia shehe wa msikitini aje amwambie kuwa matibabu si dhambi. Shangazi alimsikiliza shehe, akampa chai, akamwambia alhamdulillahi, na akakataa. Mimi niliacha kwenda mnadani. Niliosha lile sufuria la supu nikalifunika juu chini. Nikapunguza chumvi, nikapika mchicha kwa nazi kidogo, samaki wa kuchoma, muhogo. Chungwa la kwanza nililimenya mwenyewe.

"Unataka kuniua kwa baridi," alisema, akilishika kwa vidole viwili.

"Daktari amesema ni moto."

"Daktari kazaliwa jana." Akatia kipande mdomoni, akafumba macho. Akala lote. Akasema, "Tamu. Mwenyezi Mungu anisamehe, miaka yote hii," na sikujua kama ni furaha au ni kilio. Wala sijui kama chungwa linafanya chochote kwa mlango uliokwisha kuwa jiwe. Naogopa halifanyi. Nilimmenyea jengine.

Siku hizo nilianza kuuliza habari za baba. Si kwa watu wengi. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akilima naye shamba la pamoja, nilimkuta anapepeta kunde mlangoni pake.

"Babako? Miguu," alisema, kama nilivyojua atasema. "Meskini. Mwishoni alikuwa hafiki shamba bila kusimama."

"Alikuwa akisimama wapi?"

"Pale mkanjuni. Kila siku. Hata babu yako, nilikuwa msichana, nilikuwa nikimwona palepale. Ule mti ni wenu, nyie watu wa magoti."

"Alikuwa akisimama vipi, mama? Nionyeshe."

Aliweka ungo chini, akacheka, kwamba mtu mzima mimi naulizia mambo kama mtoto. Kisha akainuka ili anionyeshe. Mkono mmoja aliunyoosha, kama ameegemea shina. Wa pili aliuleta kifuani, ukashika leso yake pale juu, upande wa kulia kidogo. Hakuwa amefikiri. Alikuwa anakumbuka tu.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nisiupite mkanju.

Hilo sikumwambia mtu. Na kulikuwa na lingine ambalo sikumwambia mtu. Tangu kusi lianze kuvuma, nikiamka asubuhi vidole vyangu vilikuwa vizito. Si maumivu, ni uzito, kama nimelala nimevaa glavu za mtu. Vilihitaji saa nzima kuamka. Nilijiambia ni kazi. Nilijiambia ni miezi ya mbuzi, na kamba, na mvua. Nikawa naamka kabla ya wengine, naviloweka kwenye maji ya moto, na wakiamka wananikuta nimekaa kama kawaida. Mimi ambaye nauliza kila kitu, hili sikuliuliza.

Asubuhi moja nilichelewa. Shangazi alinimiminia chai, akanipa kikombe, na mimi nikakipokea kwa mikono miwili, kwa viganja, kama mtu anayepokea maji ya kutawadhia. Alinitazama. Mtu aliyeshika mwiko miaka arubaini anajua mkono unavyoshika kitu.

"Weka kikombe chini," alisema.

"Chai ni ya moto tu, shangazi."

"Weka chini. Funga ngumi."

Nilijaribu. Vidole vilifika nusu ya njia vikagoma. Vifundo viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya wake. Vidole vyake vilivyopinda vikapita juu ya vifundo vyangu kimoja kimoja, polepole, kama anayechambua mchele.

"Tangu lini?"

"Kusi."

"Ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza miaka mingapi pale mkanjuni? Ulisema magoti."

Alitazama upande wa kijia kwa muda, na mimi nikaona kuwa alikuwa anajua. Labda si jina lake, wala chokaa, wala mlango. Lakini alikuwa anajua kuwa kaka yake na baba yake walisimama palepale, na kwamba kilichowasimamisha hakikuwa goti.

"Nilidhani nikilitaja litakuja," alisema. Kisha akamwita binti yake kutoka jikoni. "Mpigie yule daktari wa shosho. Mwambie nakuja. Mwambie nitakatwa, nitashonwa, atakavyo. Ila huyu naye asikilizwe kwanza. Asiposikilizwa huyu, mimi siingii."

Tulivuka feri tena wiki ile. Shangazi alitia sahihi yake mwenyewe kwenye karatasi za upasuaji, kalamu imekaa sawasawa kati ya vidole vilivyolegezwa na vidonge, akaandika jina lake herufi kwa herufi bila haraka. Walimpangia siku. Daktari alimweleza hatari zote, naye akaitikia inshallah baada ya kila moja, mpaka daktari akatabasamu.

"Haya," shangazi alisema. "Zamu yake. Mwanangu, vua shati."

Nikavua. Nilikaa pale pale alipokuwa amekaa yeye. Nilisema mimi ni mzima, nina vidole tu, na nikajisikia nikisema "vidole tu" kama wao walivyokuwa wakisema magoti. Daktari aliutazama mkono wangu, akaandika kitu. Kisha akavaa kile chombo masikioni na kukiweka kifuani pangu, juu, upande wa kulia wa mfupa. Kilikuwa baridi.

"Vuta pumzi. Toa. Izuie hapo."

Nikaizuia. Nilikuwa nangoja aseme basi, vaa. Shangazi alikuwa akimtania muuguzi kuhusu chai ya hospitali. Daktari alifumba macho. Akakisogeza kile chombo kidole kimoja kuelekea shingoni, akasikiliza, akakirudisha palepale pa mwanzo, akasikiliza tena.

Shangazi akaacha kutania.